Mkorogo, sindano za weupe na leza: maswali tunayoulizwa kliniki ya ngozi

Mkorogo ni nini?

Ni krimu, losheni na sabuni zinazochanganywa saluni, dukani au nyumbani ili kuondoa weusi wa ngozi. Ndani yake huwa kuna haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe na muwasho), na mara nyingine vyote vitatu kwa pamoja. Haidrokwinoni na zebaki huizuia ngozi kutengeneza melanini, ile rangi inayoikinga na jua. Steroidi huipausha ngozi na kuifanya nyembamba. Tanzania na Kenya zimepiga marufuku vipodozi vyenye viambata hivi, lakini bado vinauzwa.

Lakini si ni kipodozi tu? Sijameza kitu.

Ni dawa. Tafadhali liondoe hilo neno "tu". Angalia tyubu yako: ukikuta clobetasol, umeshika mojawapo ya steroidi kali kuliko zote za kupaka. Daktari akiiandika, anaelekeza ipakwe sehemu ndogo yenye ugonjwa, kwa kawaida isizidi wiki 2 mfululizo wala gramu 50 kwa wiki. Anayejichubua anaipaka mwili mzima, asubuhi na jioni, kwa miaka.

Kinachopakwa hakibaki juu ya ngozi, kinapenya hadi kwenye damu. Ndiyo maana tunapokea watu waliopandisha sukari na presha, uso umevimba na kuwa wa duara, mapaja na kwapa vina michirizi mipana, na fangasi wameenea mwilini kwa sababu steroidi iliuficha muwasho bila kuwaua. Wakiulizwa wanatumia dawa gani, wanajibu hawatumii dawa yoyote.

Nilipoacha, uso uliwaka moto na kutoa vipele. Si ina maana krimu ilikuwa inanisaidia?

Hapana. Ngozi iliyozoeshwa steroidi ikikatiwa ghafla inawaka, inakuwa nyekundu, inatoka vipele vyenye usaha. Mtu anaogopa, anarudi kwenye tyubu, uso unatulia siku chache, naye anaamini kwamba ngozi yake haiwezi kuishi bila krimu ile. Hivyo ndivyo watu wanavyokwama miaka kumi.

Kama umepaka mwili mzima kwa muda mrefu, usiache mwenyewe ghafla. Tezi zilizo juu ya figo hutengeneza steroidi ya asili ya mwili, na zikizoea kuletewa ya nje zinalala. Ukikata siku moja unaweza kuishiwa nguvu, kutapika, presha ikashuka na ukazimia. Njoo tupange namna ya kupunguza. Nasema njoo. Sijasema uendelee kupaka hadi utakapopata nafasi.

Nimepata madoa meusi mashavuni. Niongeze krimu yenye nguvu zaidi?

Hapana, hapana kabisa. Uso mweupe, masikio meusi, viungo vya vidole vyenye sugu, na kwenye mifupa ya mashavu madoa ya rangi ya bluu iliyoiva hadi weusi, yenye chembechembe ukipapasa: hiyo ni kazi ya haidrokwinoni iliyotumika muda mrefu. Kila krimu mpya ya kuondoa madoa hayo inayakoleza. Hata leza haiyatoi kirahisi, na mengine hayatoki.

Dalili gani nisizingojee?

Mkojo wenye povu lisiloisha haraka. Miguu kuvimba. Macho kuvimba unapoamka. Zebaki inaharibu vichujio vya figo na protini inavuja kwenye mkojo. Kipimo cha mkojo ni rahisi, kinafanyika hata kituo cha afya, na tukikuta tatizo mapema na krimu ikaachwa, wengi figo zao hurudi katika hali nzuri. Wanaotuumiza ni wanaosema miguu imevimba kwa kusimama sana, wakasubiri miezi, huku wanaendelea kupaka. Usisubiri. Na usije ukatibiwa figo hapa halafu usiku ukajipaka kilekile kinachoziharibu.

Zebaki huenda pia kwenye taulo, kwenye mto, na kwa mtoto unayembeba. Wakati wa ujauzito inamfikia mtoto tumboni, na wakati wa kunyonyesha inapita kwenye maziwa. Kwenye lebo huandikwa mercurous chloride au calomel. Bidhaa nyingine hazitaji chochote, ila zinakuonya usiiguse krimu ukiwa umevaa vito vya dhahabu au fedha. Ukiona onyo hilo, usiinunue.

Na sindano au dripu ya glutathione, ile dawa ya kung'arisha ngozi?

Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, haijaidhinisha sindano yoyote ya kung'arisha ngozi. Zinaweza kuleta mzio mkali na kudhuru ini na figo. Mshipa wako wa damu haufunguliwi saluni.

Basi kliniki za urembo hazina lolote la kweli?

Zina mengi. Makovu yaliyovimba hupungua kwa sindano ya triamcinolone, steroidi inayodungwa na daktari, ndani ya kovu. Chunusi na madoa yake hutibiwa kwa krimu za daktari, na baadaye asidi nyepesi inayopakwa kwa vipimo. Vinyweleo vya kidevu vinavyoota kwa ndani hutibika kwa leza, ila ngozi nyeusi hunyonya mwanga mwingi na huungua mashine isipokuwa sahihi. Uliza kama ni Nd:YAG, aina ya leza inayofaa zaidi ngozi nyeusi, na uliza anayeishika amesomea nini. Akikasirika kwa swali hilo, ondoka.

Kwa madoa ya usoni yanayokuja na ujauzito au jua, kazi kubwa hufanywa na losheni ya kuzuia jua yenye SPF (kipimo cha kinga dhidi ya jua) 30 au zaidi, kila siku. Mjini Moshi, Tanzania, pale kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni ya aina hiyo iitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, kwa sababu jua ni adui halisi wa ngozi isiyo na melanini. Wewe unayeiondoa melanini yako kwa makusudi, fikiria unajipeleka wapi. Matibabu haya huchukua miezi. Anayekuahidi siku 7 anakuuzia steroidi.

Nina upasuaji wa uzazi mwezi ujao. Lazima nimwambie daktari?

Lazima, dada, tena kabla ya siku yenyewe. Ngozi nyembamba inashika nyuzi vibaya na kidonda kinachelewa kupona, na kama zile tezi za juu ya figo zimelala, presha inaweza kuanguka ukiwa mezani. Hakuna atakayekushtaki, na mhudumu atakayekucheka amekosea kazi. Weka makopo yote kwenye mfuko uje nayo, hata lile lisilo na lebo ulilopimiwa saluni.