Kilembe: mto ulianza kuchimba kabla ya watu

Ukitoka Kasese, magharibi mwa Uganda, ukielekea milima ya Ruwenzori, bonde la mto Nyamwamba linazidi kubana, mpaka nyumba, barabara na mto vinagombania kipande kimoja cha ardhi tambarare. Hapo ndipo Kilembe, kwenye mgodi wa shaba. Mimi ni mtu wa miamba, basi nikifika naanza na mto, majengo ya mgodi baadaye. Mto ndio ulioukata mlima hadi shaba ikawa nje, mwanzoni mwa karne ya 20 watu wakaiona.

Okota jiwe lenye doa la kijani. Hiyo ni shaba iliyopigwa na hewa na mvua. Livunje: ndani kuna njano ya kumdanganya mgeni aite dhahabu, kumbe ni shaba, chuma na salfa vimeshikana.

Mwaka 1956 reli ilifika Kasese kufuata mzigo huu. Mbale, yaani mawe yenye shaba, ilisagwa ikawa unga, ikatiwa maji na dawa, mapovu yakapanda na chembe za shaba. Shaba hiyo ilisafirishwa hadi Jinja kuyeyushwa. Mbali, ndiyo, lakini tanuru linakula umeme, na umeme ulikuwa kule kwenye bwawa la mto Nile.

Mgodi ukasimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Taka zake hazikuondoka. Marudio, kama wasemavyo wachimbaji wetu wa Geita, yaani unga uliobaki baada ya kutoa shaba, yalirundikwa kando ya mto, maana bonde halina pengine. Pairiti, ile salfa ya chuma, ilibaki Kasese kama kilima. Ikipata hewa na mvua hutoa tindikali, na tindikali ilitiririka ikakausha majani hadi ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth. Kinachonifurahisha ni hiki: vijidudu vinavyoharakisha uharibifu huo ndivyo kiwanda cha Kasese kilivyovifuga kwenye matangi kuanzia 1999, ili vitafune pairiti, kiwanda kivune kobalti, metali iliyomo ndani yake.

Tarehe 1 Mei 2013 Nyamwamba ulifurika, ukashusha mawe makubwa kutoka mlimani. Mei 2020 ukarudia, ukaivamia hata hospitali. Kila ukifurika unamega marudio na kuyapeleka kuelekea Ziwa George. Wanaozungumzia kufungua mgodi upya huniuliza shaba imebaki kiasi gani. Mimi huwauliza taka mpya wataziweka wapi.