Je, wajua kwa nini michoro ya Waaborijini imejaa nukta?

Walimu wengi wanaofundisha watoto sanaa ya Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, huanza na nukta: rangi, pamba za masikio, haya chovyeni. Mimi ningeanzia mchangani.

Katika jangwa la katikati ya Australia, watu husimulia huku wakichora mchangani kwa kidole, na mchoro huo huitazama nchi kutoka juu, mithili ya ramani. Umbo la U ni mtu aliyeketi, kwa kuwa ndiyo alama anayoiacha mchangani akiinuka. Miduara ndani ya miduara yaweza kuwa kisima au kambi. Vijistari vitatu vilivyokutana ni unyayo wa emu, yule ndege mkubwa asiyeruka.

Mwaka 1971, katika kijiji cha Papunya kilichoko jangwani humo, mwalimu Geoffrey Bardon aliwahimiza wanafunzi wachore ruwaza za kwao. Wazee wakavutiwa, wakachora simulizi ya sisimizi wa asali kwenye ukuta wa shule. Mwaka 1972 wakaanzisha kampuni yao wenyewe, Papunya Tula Artists. Michoro ikaanza kununuliwa na wageni, na hapo pakazuka manung'uniko makali, maana baadhi ya alama ni siri za ibada ambazo si kila mtu anaruhusiwa kuziona. Wachoraji wakaziondoa nyingine, nyingine wakazifunika kwa nukta. Nukta zenyewe zilikuwepo tangu zamani katika kujipamba mwili kwa ajili ya ibada, ila sasa zikawa pia pazia.

Wala si Waaborijini wote wanaochora hivyo. Kaskazini, huko Arnhem Land, wachoraji wa magome ya miti hujaza mistari myembamba inayokatana.

Ndiyo maana sipendi watoto wanakili mchoro wa mtu. Kila simulizi ina wenyewe, na hata mchoraji wa hukohuko hachori ya ukoo mwingine bila ruhusa. Waonyeshe kazi ya Clifford Possum Tjapaltjarri, mmoja wa wachoraji wa Papunya, wataje jina lake na nchi ya ukoo wake, kisha wachore njia yao ya kwenda shule ikitazamwa kutoka juu. Wabuni alama zao: bomba la maji, mwembe, duka la mangi, mbwa wa jirani. Nukta zije mwisho. Na mtoto akitaka kuficha sehemu moja ya ramani yake, mwache aifunike, usimuulize kuna nini.