"Imeisha hivyo?": maana ya mwisho wazi katika filamu

Mwisho wazi ni pale filamu inapokoma bila kujibu swali lililomweka mtazamaji kitini tangu mwanzo. Kanda haijakatika, wala sehemu ya pili haiko njiani. Mwandishi ameliacha swali makusudi, ili mtazamaji aende nalo nyumbani. Mtindo huu hupatikana sana katika filamu za kifamilia zinazokwenda taratibu: mama anakunja nguo, baba anakohoa chumba cha pili, binti anatazama nje ya dirisha, na dakika nzima inapita bila mtu kutamka neno. Mara majina ya waigizaji yanaanza kupanda, na sauti moja inauliza gizani, "Imeisha hivyo?"

Hapa Kisumu, filamu ya namna hiyo ikionyeshwa mbele ya watu, unaweza karibu kutabiri yatakayotokea. Simu zitaanza kuwaka. Wawili watatu watatoka kana kwamba wanaenda msalani na hawatarudi. Mtu atacheka mahali pasipo na kichekesho, kwa sababu kimya kimemshinda. Baadaye ubishi utawafuata waliobaki hadi kwenye steji ya matatu, na huo ndio unaonivutia mimi kuliko alama ambazo watu huipa filamu.

Hasira ya watazamaji hao ina asili yake. Wengi wetu tulijifunza kutazama filamu katika vibanda vya video vya Kondele, Nyalenda na Manyatta, DJ Afro akisimulia juu ya picha kwa Kiswahili na Sheng. Kwake hakuna kimya. Anakuambia adui ni nani, stelingi, yaani shujaa wa filamu, anawaza nini, na kwa nini yule mzee amenuna. Ni ufundi wa kweli na siudharau hata kidogo. Lakini aliyezoea kusimuliwa, ukimweka mbele ya mama anayekunja nguo, huona kama msimulizi amechelewa kufika. Filamu ya taratibu inamtaka yeye mwenyewe ashike maikrofoni, na hakuna aliyemwambia hivyo mlangoni.

Mlangoni, kwa kweli, ndipo ugomvi mwingi huanzia. Nchini Marekani, kampuni ya CinemaScore huwauliza watazamaji wa usiku wa kwanza waipe filamu alama, kama za mtihani. Mwaka 2018 filamu ya Hereditary, hadithi ya familia iliyofiwa, inayojengwa polepole na kutangazwa kama ya kutisha, ilipata D+ ilhali wahakiki wengi waliisifu. Alama kama hiyo hupima zaidi umbali kati ya tangazo na kilichoonyeshwa. Wajuzi nao hukasirika, tusidanganyane. Katika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, la 1960, L'Avventura ya Michelangelo Antonioni ilizomewa: mwanamke anatoweka kisiwani, wanaomtafuta wanaanza kumsahau, naye hapatikani hadi mwisho. Wasanii na wahakiki kadhaa walitia saini taarifa ya kuitetea, na filamu ikaondoka na Tuzo ya Jopo la Waamuzi.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya Wazungu. Hapo nakataa. Mwanafunzi wa kidato cha nne aliyesoma fasihi simulizi anazijua ngano za mtanziko, ambamo mhusika anabanwa kati ya njia mbili na kila moja ina hasara yake. William Bascom alichapisha kitabu kizima kuhusu hadithi za aina hii kutoka sehemu nyingi za Afrika mwaka 1975. Nyingi huishia kwa swali: kati ya hawa, nani mwenye haki? Msimulizi hunyamaza, na wasikilizaji ndio wanaoshikana mashati.

Filamu ya Iran iitwayo A Separation, ya Asghar Farhadi (2011), imejengwa hivyo hivyo. Simin anataka kuhama nchi na binti yao; Nader hawezi kumwacha baba yake mgonjwa anayepoteza kumbukumbu. Mwishoni hakimu anamuuliza binti, Termeh, ataishi na nani. Anasema ameshaamua, na wazazi wanatoka nje. Tunawaona wakingoja kwenye korido, na filamu inakwisha. Jibu lake hatulisikii. Hata hivyo hatukuachwa mikono mitupu. Tumemwona baba akisema uongo, na binti akilazimika kusema uongo mbele ya hakimu ili kumlinda. Tumemwona mama akifunga mizigo na kuondoka nyumbani. Anayedai Termeh alikwenda na mama ana ushahidi wake, na anayedai alibaki na baba ana wake. Lau tungelisikia jina lililotajwa, tungejua hukumu tu. Kwamba mtoto amepoteza mzazi mmoja kwa vyovyote vile, hilo tulikwisha kulijua.

Watu wa Nyanza hawahitaji kwenda Tehran kulielewa hili. Mwaka 1987 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba wakili S. M. Otieno azikwe Nyalgunga, Siaya, kama ulivyotaka ukoo wa Umira Kager, si katika shamba la Upper Matasia, nje ya Nairobi, kama alivyotaka mjane wake, Wambui Otieno. Kesi ikafungwa na mazishi yakafanyika. Lakini taja jina hilo leo mezani penye wazee na vijana uone: mjane alikuwa na haki au ukoo? Mahakama hufunga faili. Swali la familia hubaki wazi, na ndiyo sababu mwisho wa namna hii huikaa vizuri filamu ya kifamilia kuliko ya polisi na wezi, ambako mtazamaji ana haki kamili ya kuambiwa nani aliiba.

Si kila mwisho wazi ni mzuri, lakini. Upo utata, na upo uvivu uliovalishwa koti la utata. Mimi huupima mwisho kwa ule ubishi wa kwenye steji. Watu wakisema "lakini kumbuka alivyomtazama pale jikoni," wanarejea kwenye filamu, maana yake mwandishi aliwaachia vitu vya kushika. Wakisema "labda alikufa, labda alisafiri, nani ajuaye," bila hata mmoja kutaja tukio, mwandishi mwenyewe hakujua, akazima taa. Kimya nacho ni hivyo hivyo: mama anayekunja nguo polepole ana maana ikiwa tunajua nguo ni za nani na kwa nini hazivaliwi tena. Kama hatujui, ni dobi tu, na yule jamaa aliyetoka kwenda msalani hakupoteza kitu.