Friza haiui vijidudu: dhana potofu kuhusu vitafunwa vya mtindi na siagi ya karanga

"Weka tu friza, baridi itaua kila kitu." Kauli hii wanayo wanaotengeneza barafu za mtindi za kuuza, wanayo wazazi wanaofunga vitafunwa vya watoto, na wanayo hata watu ambao kwa kazi yao wangepaswa kujua. Imesemwa vya kutosha. Inaumiza watu, na haina ukweli.

Vitafunwa vyenyewe ni vyepesi kutengeneza. Unachukua mtindi mzito, siagi ya karanga na asali kidogo, unachanganya, unatandaza kwenye trei au unadondosha kwa kijiko, unagandisha, unakula. Huhitaji oveni. Lakini chakula kisichopita motoni hakina hatua hata moja ya kuua vijidudu. Unga wa mkate ukikandwa kwa mikono isiyo safi, moto wa tanuri bado utafanya kazi yake. Hapa hakuna kitu cha kufanya kazi hiyo. Kilichoingia kwenye bakuli ndicho kitakachofika mdomoni.

Dhana: Baridi ya friza inaua vijidudu

Ukweli ni kwamba friza inavilaza tu. Kwenye nyuzi −18 bakteria hawazaliani, na wachache hufa pale barafu inapochoma kuta za seli zao. Wengi hubaki hai, na katika mtindi wana ulinzi wa ziada, kwa sababu protini, mafuta na sukari huwakinga wasiumizwe na barafu. Chakula kikiyeyuka, wanaamka na kuendelea walipoishia.

Anayebisha atazame viwanda vya maziwa. Mbegu ya mtindi, yaani wale bakteria wanaogeuza maziwa kuwa mtindi, huhifadhiwa ikiwa imegandishwa na kusafirishwa hivyo hivyo. Kama baridi ingekuwa inaua bakteria, mbegu hiyo isingegeuza hata kikombe kimoja cha maziwa kuwa mtindi.

Huenda imani hii ilitoka kwenye samaki. Ni kweli kwamba samaki wa kuliwa wabichi hugandishwa kwa nyuzi −20 kwa siku 7 ili kuua minyoo. Lakini huo ni mnyoo, kiumbe chenye mwili laini uliojaa maji. Bakteria ni habari nyingine kabisa, na sumu isiyo na uhai, ambayo tutaifikia sasa hivi, ni nyingine zaidi.

Tuanze na maziwa. Mtindi uliotengenezwa kwa maziwa yasiyochemshwa unaweza kubeba bruselosi, ule ugonjwa unaotupisha mimba ng'ombe na kumpa binadamu homa ya kuja na kuondoka pamoja na maumivu ya viungo. Unaweza pia kubeba kifua kikuu cha ng'ombe. Uchachu wa mtindi hautoshi kuvimaliza, na friza haivigusi. Dawa ni moto kabla ya kutia mbegu kwenye maziwa. Yapashe hadi nyuzi 85, yashikilie hapo dakika 10 hadi 15 huku ukikoroga. Kama huna kipimajoto, yachemshe kabisa kisha punguza moto. Yaache yapoe hadi nyuzi 43 au 45, weka vijiko 2 vya chakula vya mtindi hai kwa kila lita, funika kwenye hotpoti kwa saa 6 hadi 8. Moto huo wa nyuzi 85 una faida ya pili: hubadilisha protini za maziwa zishike maji vizuri zaidi, na mtindi unatoka mzito. Unayenunua mtindi wa mtaani, uliza swali moja tu: maziwa yalichemshwa? Muuzaji akisitasita, usinunue.

Halafu karanga, na hapa ndipo uvumilivu unapoisha. Kuna watu wanaosaga karanga zenye ukungu kwa hoja kwamba zimekaangwa, na tena zitawekwa friza. Sumukuvu, ambayo wengi Kenya huiita aflatoksini, haina uhai wa kuuawa. Ni kemikali inayotengenezwa na kuvu. Kuvu akifa, sumu inabaki. Kukaanga kwa jikoni hupunguza kiasi fulani na kuacha kingine, na kugandisha hakupunguzi chochote. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125, na karanga ziko kundi moja na mahindi kwa kushambuliwa nayo. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka haanguki leo. Ini lake ndilo linalolipa, na saratani ya ini ni mojawapo ya malipo hayo. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu jumla ya maikrogramu 10 tu za sumukuvu kwa kilo ya karanga. Kiasi hicho hakionekani kwa jicho wala hakionjeki.

Kwa sababu hiyo, ushauri ambao hautabadilika hapa: nunua karanga nzima, usinunue zilizosagwa na mtu usiyemjua. Mara nyingi punje zilizovunjika na zilizokataliwa ndizo huenda kusagwa, kwa kuwa zikishakuwa unga au siagi hakuna anayeziona tena. Zimwage kwenye ungo mahali penye mwanga. Toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu na zilizochipua. Kaanga kwenye sufuria nzito, moto mdogo hadi wa wastani, dakika 15 hadi 20 bila kuacha kugeuza, kisha zifikiche maganda na uchambue tena, maana doa lililojificha chini ya ganda sasa linaonekana. Kuchambua hakuondoi hatari yote, ila kunaondoa sehemu yake kubwa, kwa sababu sumu hukusanyika katika punje chache mbovu. Ulizozitupa usimpe ng'ombe wa maziwa. Sumu hiyo hupita mwilini mwake na kutoka kwenye maziwa, nawe utaikuta tena kwenye mtindi wako.

Siagi ya karanga ina jambo jingine ambalo watu hawalitarajii. Kwa kuwa haina maji mengi, bakteria hawazaliani ndani yake, lakini salmonela, bakteria anayeleta homa na kuharisha, anaweza kuishi humo kwa miezi, amezungukwa na mafuta. Mlipuko wa mwaka 2008 na 2009 nchini Marekani, uliotokana na bidhaa za karanga zilizosagwa, uliwapata watu zaidi ya 700 katika majimbo 46, na 9 wakafa. Karanga zikishakaangwa, usizirudishe kwenye ungo uliobeba mbichi. Blenda ioshwe, ikauke kabisa, ndipo usage.

Mikono haihitaji maelezo marefu. Osha kwa sabuni, na mwenye kidonda kidoleni asishike kazi hii. Bakteria wa kidonda hutoa sumu ambayo hata moto hauiondoi, sembuse baridi.

Hitimisho la imani hii potofu ni lile linalotendeka umeme ukikatika: vitafunwa vinayeyuka, umeme unarudi, vinaganda tena, vinauzwa. Mgando wa pili haufuti saa zilizopita. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa hushika baridi kwa takriban saa 48, iliyojaa nusu takriban saa 24; kifriza kidogo cha ndani ya friji ni muda mfupi zaidi. Gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, kiache humo daima. Ukirudi nyumbani ukaikuta sarafu imezama, vitafunwa viliyeyuka ulipokuwa haupo, hata kama sasa ni vigumu kama jiwe. Vilivyolainika lakini bado vina barafu ndani, visage uvinywe saa hiyo hiyo. Vilivyokuwa uji wa vuguvugu, mwaga. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, linalopita nyuzi 32 mara kwa mara, saa moja nje ni mwisho wake.

Dhana: Mtindi wowote unafaa, friza itaukaza

Hii ni ndugu wa ile ya kwanza: watu wanatarajia friza irekebishe. Mtindi wa kawaida una maji zaidi ya asilimia 85. Ukiugandisha ulivyo unapata barafu yenye ladha ya maziwa, inayokwaruza ulimi na kupasuka vipande. Maji yatolewe kwanza. Mimina kilo 1 ya mtindi usio na sukari kwenye kitambaa cha kuchujia tui kilichochemshwa, kining'inize juu ya bakuli ndani ya friji, si mezani, saa 4 hadi 6. Utabaki na gramu 500 hadi 600 za mtindi unaosimama kwenye kijiko. Maji yake kandia maandazi. Mtindi wa kopo usiotoa maji hata baada ya saa 4 mara nyingi umetiwa wanga au jelatini. Soma kibandiko, na usiukamue kwa nguvu kwa sababu hautatoka kitu.

Usichague ule usio na mafuta kwa kudhani ni bora. Mafuta huzuia chembe za barafu zisikutane na kukua. Kwa gramu 500 za mtindi mzito, tia gramu 125 za siagi ya karanga, gramu 50 za asali, na chumvi kidogo ya kubana kwa vidole viwili. Asali inafanya kazi kuliko sukari ya mezani hapa, maana sukari zake hushusha zaidi nyuzi za kuganda, na kipande kinang'atika kikitoka friza. Ukizidisha hadi gramu 120 au zaidi hakitaganda sawasawa, kitanata. Tandaza unene wa sentimita 1 kwenye karatasi ya kuokea, juu ya trei ya bati iliyokwisha kupoa ndani ya friza. Tabaka jembamba juu ya bati baridi huganda haraka, na kuganda haraka ndiko kunakotoa chembe ndogo za barafu. Nyuzi −18, saa 3 hadi 4. Kifriza cha ndani ya friji, acha usiku kucha.

Matunda ya juu: tende hubaki laini, na ndizi mbivu hung'atika. Tikiti na papai ni maji matupu, yanakuwa mawe.

Dhana: Siagi ya karanga ikitoa mafuta juu imeharibika

La. Mafuta hupanda yenyewe pale ambapo hakuna kiungo cha kuyashikilia. Koroga. Iliyoharibika utaijua kwa harufu kali ya mafuta ya zamani na uchungu kooni.

Dhana: Ikiwa nzito, ongeza maji kidogo

Maji kidogo yanaifanya ishikane kama udongo, kwa sababu protini na sukari za karanga huyanyonya na kugandamana. Hali hiyo hiyo hutokea ukitia kijiko cha kwanza cha mtindi, na wengi hudhani wameharibu, wanamwaga. Usimwage. Endelea kutia mtindi vijiko 2 kwa 2 huku ukikoroga. Ukifika cha sita au cha nane italegea na kuwa laini. Viungo vyote viwe na joto moja. Mtindi wa kutoka friji moja kwa moja huacha madonge.

Dhana: Bakteria wazuri wa mtindi wote hufa kwenye friza

Cha ajabu, anayesema hivi ni yule yule anayeamini wabaya hawapo tena. Wazuri wengi hubaki hai, ikiwa walikuwepo tangu mwanzo. Mtindi uliopashwa moto baada ya maziwa kugeuka mtindi, ili ukae dukani bila friji, hauna hai hata mmoja.

Dhana: Ni chakula cha kupunguza uzito, kula utakavyo

Siagi ya karanga ina kilokalori karibu 600 kwa gramu 100. Mchanganyiko wa hapo juu, ukikatwa vipande 20, unatoa takriban 70 kwa kipande, kutegemea mtindi wako. Viwili vinatosha. Ni vitafunwa vizuri, vina protini na havina mafuta ya kukaangia, lakini sita kwa mkupuo ni mlo mzima.

Dhana: Ni asili tupu, hata mtoto mchanga anaweza kula

Asali haipewi mtoto aliye chini ya miezi 12, iwe mbichi, imechemshwa au imegandishwa. Inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa unaopoozesha misuli, na utumbo wa mtoto wa umri huo hauna uwezo wa kuzizuia zisiote. Moto wa jikoni hauziui, na friza hali kadhalika. Kwa mtoto huyo tumia ndizi iliyopondwa, na siagi ya karanga iwe imelainishwa ndani ya mtindi, isiwe donge. Karanga nzima au zilizokatwa vipande zisiwekwe juu ya vitafunwa vya mtoto aliye chini ya miaka 5. Zinakaba, na zikiwa zimeganda ni hatari zaidi.

Dhana: Mwenye mzio wa karanga akipewa kidogo atazoea

Hatazoea kwa kupewa kiholela nyumbani, anaweza kufa. Na kumbadilishia korosho katika blenda ile ile iliyosaga karanga ni kumpa karanga, mbali na kwamba baadhi ya wenye mzio huu wana mzio wa korosho pia. Mtengenezee ya ufuta au ya mbegu za alizeti, ukishajua kwamba hizo hazimdhuru, kwa chombo kisichowahi kugusa karanga. Na kama unauza, andika "ina karanga" kwenye kifungashio kwa herufi kubwa, pamoja na tarehe uliyogandisha.