Eneo la msambamba halipatikani kwa kuzidisha pande zake

Wengi huamini kwamba ukijua pande mbili zinazokutana za msambamba, yaani umbo la pande nne ambalo pande zinazotazamana ni sambamba, unazizidisha tu na kupata eneo. Imani hiyo imetoka kwenye mstatili, ambako hesabu hiyo ni sahihi kabisa. Msambamba ulioinama hauko hivyo.

Chukua vijiti viwili vya sentimita 10 na viwili vya sentimita 6, uviunganishe kwenye ncha kwa namna inayoruhusu pembe kucheza. Ukivipanga viwe mstatili, eneo ni sentimita za mraba 60. Sasa sukuma kijiti cha juu kuelekea kando. Vijiti ni vilevile, mzingo bado ni sentimita 32, lakini nafasi ya ndani inapungua. Pembe kali ikifika nyuzi 30, kimo kinabaki sentimita 3, na eneo ni 30, nusu ya lile la mwanzo. Ukiendelea kusukuma, linakaribia sifuri.

Kinachozidishwa na kitako, yaani upande wa chini, ni kimo, yaani umbali wa wima kati ya pande mbili sambamba. Sababu yake inapendeza mno: kata pembetatu ya upande mmoja kwa mstari wa wima, ihamishie upande wa pili, na unapata mstatili wenye kitako kilekile na kimo kilekile.

Kuna dhana nyingine ya karibu. Ulalo, yaani mstari unaounganisha pembe mbili zinazotazamana, hugawa msambamba katika pembetatu mbili zinazolingana, basi watu hudhani ukiukunja hapo zitalaliana. Hazilaliani, isipokuwa pande zote nne ziwe sawa. Izungushe moja nyuzi 180, ndipo itaifunika nyingine barabara.