Je, wajua kwa nini skauti wa besiboli, yule anayezunguka viwanjani kutafuta vipaji kwa ajili ya timu, anampa dogo mmoja maksi mbili?

Juni 2009 kuna dogo wa miaka 17 amekaa studio ya televisheni kule Secaucus, New Jersey, anasubiri jina lake litajwe kwenye drafti ya besiboli. Wenzake wote walibaki makwao, yeye peke yake ndo alikuja. Yakatajwa majina 24 na lake halimo. Hata Angels, timu iliyokuja kumchukua, walikuwa na nafasi mbili zinazofuatana, ya 24 na ya 25, ile ya kwanza wakampa dogo mwingine wa sekondari anaitwa Randal Grichuk, ndo wakarudi kumtaja Mike Trout. Miaka mitatu baadae Trout alikuwa chipukizi bora wa ligi yake, na tuzo za mchezaji bora kashachukua tatu, 2014, 2016 na 2019.

Sasa inakuwaje timu zenye hela zote zile, zenye maskauti kila jimbo, zinampita mtu kama huyo?

Kwanza tuelewane, drafti ninayoisema hapa sio ile ya vibarazani ya kusukuma vizibo vya soda. Ni siku ambayo timu 30 za ligi kuu ya besiboli Marekani zinachagua vijana kwa zamu, na timu ikishamtaja kijana basi wengine hawaruhusiwi kumgusa. Ilianza 1965, siku hizi ina raundi 20. Kijana anaweza kuchukuliwa akimaliza sekondari, ila akiingia chuo cha miaka minne anasubiri mpaka amalize mwaka wa tatu au afikishe miaka 21. Kwa hiyo kwenye chungu kimoja unakuta dogo wa miaka 17 anayelala kwa mama yake na jamaa wa miaka 21 aliyeshacheza mbele ya watu elfu kumi, na skauti anatakiwa awapange kwenye mstari mmoja nani kwanza nani baadae. Wa kikapu na wa futiboli ya Kimarekani wanachagua watu wanaoingia uwanjani msimu uleule, ila besiboli karibu kila mtu anapelekwa ligi za chini akapikwe miaka miwili, mitatu, wengine sita.

Ndo maana ya zile maksi mbili. Skauti anatumia kipimo cha 20 mpaka 80, na 50 ni mchezaji wa kawaida wa ligi kuu, sio wa kawaida wa shule. Anapima vitu vitano: kugonga mpira, nguvu ya kuupeleka mbali, mbio, kudaka na mkono wa kurushia. Kila kimoja anaandika namba mbili, ya leo na ya baadae. Dogo wa sekondari anaweza kuandikiwa nguvu 30 leo na 60 baadae, na wa chuo akaandikiwa 45 leo na 50 baadae. Mimi naamini kazi yote ya skauti imekaa kwenye ile nafasi kati ya namba ya kwanza na ya pili. Namba ya leo hata mzazi mwenye saa anaweza kuipata, ya pili ndo wanayolipiwa mshahara.

Na hiyo ya pili anaitafutaje? Skauti anafika uwanjani mapema, wachezaji wakiwa bado wanapasha, anakaa nyuma ya mdakaji, yule anayedaka mpira ambao mrushaji anamtupia mpigaji, na saa ya kubonyeza mkononi. Mpira ukigongwa tu anabonyeza, dogo akikanyaga besi ya kwanza, kile kituo anachokimbilia, anabonyeza tena, ni mita 27 na kitu, na kwa anayepigia mkono wa kulia sekunde 4.3 hivi ndo kawaida ya ligi kuu. Mdakaji naye anapimwa toka mpira uingie kwenye glavu yake mpaka ufike besi ya pili, sekunde 2 ndo kawaida. Afu anaangalia mwili. Mabega ni mapana ila hayajajaa? Viganja na miguu mikubwa kuliko kiwiliwili? Wengine wanageuka kabisa kumtafuta baba na mama jukwaani waone wana umbo gani, maana dogo mwembamba mwenye baba wa mraba kuna kilo 15 zinakuja njiani. Habari ya Trout ndo hiyohiyo, skauti wa Angels wa eneo lile, Greg Morhardt, alishacheza ligi za chini timu moja na baba yake Trout, kwa hiyo alikuwa anajua ile damu. Timu zingine zilikuwa zinaona dogo wa New Jersey ambako majira ya kuchipua bado ni baridi, mechi chache, warushaji wa kawaida, wakaogopa.

Na hofu yao haikuwa ya kijinga. Mpigaji wa sekondari leo anakutana na mrushaji wa maili 92 kwa saa, yaani km 148, kesho anakutana na wa maili 75 ambaye besiboli kwake inaisha siku ya mahafali. Amepiga vizuri, sawa, lakini amempiga nani? Wa chuo kikubwa kila Ijumaa anakutana na mrushaji bora wa wapinzani, maana vyuo vinampanga namba moja wao siku hiyo, na akifanya hivyo misimu mitatu unakuwa na mizani ya kupimia. Halafu kuna suala la gongo la kupigia mpira. Shuleni na chuoni wengi wanatumia la chuma, ambalo hata ukigonga vibaya karibu na mikono mpira unaenda, ila la mbao ukigonga hapohapo linapasuka na mpira unafia miguuni. Ndo maana kiangazi maskauti wanahamia Cape Cod, Massachusetts, kwenye ligi ya wanachuo inayotumia mbao, na pale kuna jamaa wanashuka bei ndani ya wiki tatu.

Warushaji ndo balaa zaidi. Tangu 1965 hadi drafti ya 2025 hakuna mrushaji wa sekondari wa mkono wa kulia aliyewahi kuchaguliwa namba moja, hata mmoja. Wa kushoto wapo. David Clyde, 1973, Rangers walimpandisha ligi kuu wiki chache tu baada ya kumaliza shule, dogo wa miaka 18, akamaliza safari yake na ushindi 18 na kushindwa 33. Mimi hiyo inaniuma mpaka leo, maana walikuwa na namba ya pili mkononi wakaitumia kama ya kwanza. Brien Taylor, 1991, Yankees walimpa dola milioni 1.55, akaumia bega kwenye ugomvi na ligi kuu hakuikanyaga.

Basi si uchukue wa chuo tu? Oakland walilijaribu hilo 2002, kwenye raundi ya kwanza na zile nafasi za nyongeza wakajaza wanachuo kwa kufuata takwimu. Nafasi ya 16 wakamchukua Nick Swisher, akawa mchezaji mzuri kweli. Ila mdakaji waliyempigania, Jeremy Brown, alicheza mechi tano tu ligi kuu. Na nafasi ya 17, palepale nyuma ya Swisher, Phillies wakamchukua dogo wa sekondari aliyewahi kuvunjika mfupa wa mkono wa kurushia, Cole Hamels, 2008 akawabebea ubingwa na tuzo ya mchezaji bora wa fainali.

Kingine watu wanasahau, dogo wa sekondari ana silaha, anaweza kukataa. Kris Bryant alichaguliwa 2010 raundi ya 18, akaenda zake chuo San Diego, akarudi 2013 akachaguliwa wa pili. Kwa hiyo skauti anakaa sebuleni na wazazi kunusa bei, maana kila timu ina kikomo cha hela ya kusaini na ukimkosa wa juu ile hela ya nafasi yake inaondoka naye.

Na vijana wa huku kwetu je? Drafti ni ya wakazi wa Marekani, Kanada na Puerto Rico na wanaosoma huko, wengine wanasainiwa moja kwa moja kuanzia miaka 16. Ndo njia waliyopita Waganda wawili, Umar Male na Ben Serunkuma, waliosainiwa na Dodgers 2022, miaka kumi baada ya watoto wa Lugazi kuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport. Hapo skauti hana takwimu za chuo, hana Cape Cod wala mechi za Ijumaa, ana saa yake tu na dogo mbele yake, na bado anatakiwa aandike namba ya pili.