Umenunua CD: Je, Unaruhusiwa Kuinakili?

Wakazi wa Mtwara na Lindi wanaponunua muziki kihalali, huuliza kama wanavunja sheria wanapouhamishia kwenye simu au flashi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamruhusu mtu kunakili kazi iliyokwisha kutolewa kwa umma kihalali, bila kumwomba mwenye haki idhini wala kumlipa, mradi nakala iwe ya matumizi yake binafsi pekee. Aliyenunua CD Masasi akaiweka kwenye simu ili aisikilize shambani hana kosa.

Ugumu unaanzia kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo. Mwenye kibanda anayejaza memori kadi ya mteja kwa nyimbo zilizomo kwenye kompyuta yake, kisha akapokea malipo, anauza nakala, na hawezi kujikinga kwa kusema kwamba mteja atazisikiliza peke yake. Lakini vipi kuhusu mteja anayeleta CD yake halisi kwa sababu nyumbani hana kompyuta? Wapo wanaosema kwamba malipo yoyote yanaondoa sifa ya ubinafsi. Kwa maoni yangu hoja hiyo inamwonea mkulima wa Newala, kwani mwenye kompyuta yake hufanya jambo lilelile bure bila kuulizwa na mtu. Mkataba wa Berne, makubaliano ya kimataifa ya kulinda kazi za watunzi ambayo Tanzania ilijiunga nayo mwaka 1994, unaruhusu nakala za namna hii pale tu zisipovuruga mauzo ya kawaida ya kazi wala kuumiza isivyo haki maslahi ya mtunzi, na nakala moja ya mteja mmoja haifiki huko. Inafika pale mwenye kibanda anapobaki na nyimbo hizo kwenye kompyuta ili awauzie wanaofuata, na tuseme kweli, hivyo ndivyo ilivyo mara nyingi.

Nchi nyingine nazo zimebishana. Ujerumani iliruhusu nakala binafsi mwaka 1965, lakini ikaweka tozo kwenye vifaa vya kurekodia ili watunzi wafidiwe. Uingereza iliziruhusu Oktoba 2014 bila fidia yoyote. Wanamuziki wakaenda mahakamani, na Julai 2015 Mahakama Kuu ikaitengua kanuni hiyo. Tanzania nayo ina tozo ya hakimiliki kwenye vifaa vya kunakili na kuhifadhi kazi hizo. Wanaolalamika kwamba tozo humgusa hata asiyenakili chochote wana hoja, ingawa sijaona njia nyingine ya kumfikia msanii ambayo haihitaji kupekua simu za watu. Hata hivyo, kuilipa hakumpi mtu ruhusa ya kuuza nyimbo.

Kutuma wimbo kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia si matumizi binafsi. Wala si matumizi binafsi kuupiga kwenye baa au ndani ya basi la abiria, hata kama CD ni halali: huko kunahitajika leseni ya kupiga muziki hadharani.